Kukauka si kuiva: jinsi ya kupima rangi ya hadina kwa infraredi

Kaka yangu anapulizia rangi magari ya utalii kwenye gereji moja Unga Limited, hapa Arusha. Juni moja, wiki ambayo Mlima Meru haukuonekana hata siku moja kwa ukungu, alimaliza Land Cruiser ya rangi ya mchanga, akaipiga klia, lile tabaka la juu linalong'aa lisilo na rangi, akaiacha ndani siku tatu. Siku ya nne dereva alifunga turubai juu ya boneti kwa mshipi, akaenda nayo Karatu na kurudi. Mshipi ulipofunguliwa, klia ilikuwa imechukua alama za nyuzi zake zote, uzi kwa uzi, kama mkeka unavyoacha alama kwenye shavu la mtoto aliyelala.

"Dada, niliigusa," kaka aliniambia. "Ilikuwa imekauka kabisa."

Alisema kweli, ilikuwa imekauka. Ila haikuwa imeiva, na kidole hakiwezi kutenganisha mambo hayo mawili. Mashine ya infraredi inaweza, na ndiyo mashine ninayoshinda nayo kutwa, maana mimi ni fundi sanifu wa maabara iliyo nje kidogo ya mji, njia ya Moshi. Tangu siku ile nimepima vipande vingi vya rangi za gereji, jioni baada ya kazi, kwa ruhusa. Naandika kwa mwenzangu wa maabara atakayeletewa rangi ya hadina na kuulizwa kama imeiva, na kwa fundi anayetaka kujua kipande alichotuletea tunakifanyia nini.

Kinachotokea makopo yakichanganywa

Rangi ya hadina, iwe klia ya gari au vanishi ya sakafu ya makopo mawili, ni poliurethani inayojitengeneza ikiwa tayari iko juu ya kitu kilichopakwa. Kopo kubwa lina poliyoli, yaani molekuli zenye vikundi vya haidroksili (OH). Kopo dogo, hadina, lina isosianeti (NCO). Zikikutana, NCO inaishika OH na kuzaa kiungo cha urethani. Otto Bayer na wenzake ndio walioigundua kemia ya poliurethani huko Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937. Kwenye rangi za magari, molekuli ya hadina huwa na mikono mitatu hivi na ya poliyoli ina zaidi, kwa hiyo viungo vinasukana mpaka vinakuwa wavu mmoja mgumu.

Tina, yaani kiyeyusho, haimo katika wavu huo. Imewekwa ili rangi ipite kwenye bunduki ya kupulizia, kisha inapaa hewani. Tina ikipaa, rangi imekauka. Wavu ukisukika, rangi imeiva. Bonde la Moshi, kwenye joto la Februari, mambo hayo mawili yanafuatana kwa karibu. Arusha ya Juni, juu huku mita 1,400 hivi, yanaachana kwa siku kadhaa.

Sasa infraredi. Mwaka 1800 William Herschel alipitisha jua kwenye prizimu, akaweka kipimajoto pembeni ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu, na joto likapanda. Mionzi hiyo isiyoonekana ndiyo tunayoitumia. Kila kiungo ndani ya molekuli kinatikisika kwa mwendo wake, na kinanyonya mionzi inayolingana na mwendo huo. Tunaitaja kwa idadi ya mawimbi yanayoingia katika sentimita moja. NCO inanyonya karibu na 2,270, kwa nguvu sana, na ndani ya rangi karibu hakuna kingine kinachonyonya hapo. Kilele chake kinasimama peke yake. Kikipungua, NCO imetumika.

Wengi wanaishia hapo. Lakini kilele kikipungua kinakuambia tu kwamba NCO imeondoka. Imekwenda wapi, hilo lazima ulitafute mahali pengine kwenye spektra hiyo hiyo, yaani mchoro wa vilele vyote, na bila jibu la swali hilo utamwambia fundi rangi yake imeiva wakati imeharibika.

Kwanza kifua

Fundi aliyemfundisha kaka yangu kazi hawezi tena kukaa chumba kimoja na hadina iliyofunguliwa. Isosianeti huuzoesha mwili vibaya: ukishaanza kuikataa, kiasi kidogo tu kinaleta pumu, na haujirudi ulivyokuwa. Kitambaa puani au barakoa ya vumbi haizuii mvuke wala ukungu wa rangi. Kwa anayepulizia, kinachomfaa ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Maabarani tunatumia gramu chache tu, hata hivyo mimi huchanganya ndani ya kabati la kuvutia hewa, na glavu za naitraili ambazo nazibadilisha zikidondokewa hata tone moja.

Kipimo hiki chenyewe kinalinda kifua pia. Maadamu kilele cha 2,270 bado kipo, vumbi la kupiga msasa lina isosianeti hai ndani yake. Nimewaomba vijana wa gereji wasisugue klia changa bila barakoa hata kama inaonekana ngumu, na walipoona mchoro wa kilele kwenye karatasi walinielewa haraka kuliko nilipowaeleza kwa mdomo.

Pima hadina yenyewe kabla ya kuchanganya

Hatua hii inachukua dakika mbili. Weka tone la hadina juu ya fuwele ya almasi, ambayo ndiyo sehemu ya mashine inayosoma kilichowekwa juu yake, soma, futa. Hadina nzuri inaonyesha 2,270 kubwa kupita kila kitu. Aina inayotumika sana kwenye klia za magari ina kilele kingine kikubwa karibu na 1,690, ambacho ni cha pete ya isosianurati. Kopo likiwa limeshaingia maji, utaona kilele cha NH kikichomoza karibu na 3,330 na bega, yaani uvimbe ubavuni mwa kilele kikubwa, karibu na 1,640, ambalo ni la urea inayozaliwa NCO ikikutana na maji. Angalizo moja: kuna hadina za aina ya biureti ambazo zina NH tangu kiwandani, kwa hiyo linganisha na kopo jipya la aina ile ile kabla ya kulihukumu kopo la zamani.

Mara nyingi jicho nalo linaona. Hadina iliyoingia maji inakuwa na ukungu mweupe, na kopo lake likifungwa kwa nguvu linavimba kitako. Kinachovimbisha ni kaboni dioksaidi: NCO ikikutana na maji inaitoa gesi hiyo na kuacha amini, na amini inaidaka NCO ya pili papo hapo na kuwa urea. Molekuli moja ya maji inamaliza NCO mbili. Fanya hesabu: gramu 18 za maji zinakula gramu 84 za NCO, na kama hadina yako ina NCO asilimia 22, gramu moja ya maji inaua gramu 21 za hadina. Gramu moja ya maji haijazi kifuniko cha chupa ya soda.

Kutayarisha vipande

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kudondosha rangi iliyochanganywa juu ya almasi, kuiacha hapo saa nzima huku mashine inasoma, na kuandika kwamba huko ndiko kuiva kwa rangi ya gari. Mionzi inayotoka kwenye almasi haiingii ndani ya rangi. Inachungulia tu: kwenye 2,270, kwa pembe ya digrii 45, inafika kama maikroni 0.9. Klia ya gari ina unene wa maikroni 40 hadi 60. Kwa hiyo unalosoma ni ngozi ya chini kabisa, iliyofunikwa na rangi yote iliyo juu yake, mahali ambapo hewa yenye unyevu ya Arusha haifiki kirahisi. Rangi inaweza kuwa inaharibika juu na wewe unaona mambo mazuri chini.

Tone juu ya almasi lina kazi yake, hasa ukitaka kulinganisha vichocheo viwili au joto mbili bila kuingiza habari za unyevu. Kwa rangi ya gereji mimi nafanya hivi. Nakata vipande vya plastiki ya polipropilini, ile yenye namba 5 ndani ya pembetatu, upana wa vidole viwili. Kaka anavibandika kwenye karatasi ya kuzibia vioo, pembeni mwa gari, navyo vinapigwa klia kwa bunduki ile ile, dakika ile ile. Baada ya hapo vinabaki kwenye gari. Vikilala gereji, vinalala kwenye baridi ya gereji. Gari likitolewa juani, navyo vinatoka. Poliurethani haishiki vizuri kwenye polipropilini, kwa hiyo utando ukishapata nguvu kidogo unaumenya kama ganda la ndizi mbivu na unapata nyuso mbili: wa juu uliokuwa hewani na wa chini uliokuwa umelala kwenye plastiki. Kila uso unaubonyeza kwenye almasi na kuusoma peke yake.

Siku ya kwanza utando haumenyeki. Soma uso wa juu tu, kwa kugeuza kipande kizima kikatazama chini, kisha safisha almasi palepale kwa asetoni na pamba. Rangi ikigandia hapo, usiitoe kwa wembe. Almasi haitadhurika, ila gundi na chuma vilivyoishikilia vitadhurika.

Kila kipande nakiandika mgongoni kwa kalamu ya wino mzito: tarehe, saa ya kupulizia, uwiano wa mchanganyiko. Uwiano usiandikwe kwa kusikia. Nilikuwa naandika "nne kwa moja" kwa sababu ndivyo nilivyoambiwa, mpaka siku niliposimama nikaona kijana anapima kwa jicho kwenye kopo lililopinda. Sasa wanapima kwa mizani ndogo.

Kama una vioo vya kupitishia mionzi moja kwa moja, unaweza kupaka utando mwembamba sana na kusoma unene wote kwa pamoja. Chagua kalsiamu floridi. Potasiamu bromidi inayeyuka kwa maji na wakati wa masika inapata ukungu mikononi mwako. Kalsiamu floridi inaziba chini ya 1,100 hivi, lakini vilele tunavyovihitaji vyote viko juu ya hapo.

Kusoma

Washa mashine nusu saa kabla. Mimi natumia mgawanyo wa 4, yaani uwezo wa kutenganisha vilele vilivyo jirani, na mashine inarudia kusoma mara 32 kwa kila spektra. Chagua kuona ufyonzaji, siyo asilimia ya mwanga unaopita, kwa sababu hesabu inayokuja haikubali asilimia.

Soma hewa tupu upya kabla ya kila kipande. Sababu ni pumzi yako. Kaboni dioksaidi ya hewa ina pembe mbili kama za mbuzi, karibu na 2,360 na 2,340, jirani kabisa na kilele chetu, na chumba kidogo chenye watu watatu kinaijaza hewa hiyo kwa dakika chache. Ukiinama juu ya mashine kuweka kipande, umeshaipumulia. Mvuke wa maji nao unaleta vijiti vyembamba kati ya 1,400 na 1,900, juu ya eneo la urea tunalolitegemea. Kwa hiyo punje za silika ndani ya mashine zikibadilika rangi, zikaushe ovenini kwenye nyuzi 110 hadi 120 na uzirudishe. Umeme ukikatika na kurudi, ipe mashine nusu saa yake tena na usome hewa upya. Spektra ya kabla na ya baada ya kukatika usizitumie hewa moja.

Hesabu

Kilele cha NCO peke yake hakitoshi, kwa sababu leo umebonyeza kipande kwa nguvu na kesho kidogo. Unahitaji kitu kisichobadilika cha kukigawia, nacho ni vilele vya CH kati ya 2,800 na 3,000. Viungo hivyo haviingii kwenye kemia hii. Chora mstari wa chini, chukua eneo la NCO kati ya 2,320 na 2,180, chukua eneo la CH, gawanya la kwanza kwa la pili. Mipaka hiyo usiihamishe kutoka kipande kimoja hadi kingine.

Tuseme mwanzoni NCO ni 14.2 na CH ni 9.8. Uwiano ni 1.45. Baada ya saa 24 NCO ni 5.1 na CH ni 9.6, uwiano 0.53. Gawanya 0.53 kwa 1.45 unapata 0.37, yaani asilimia 37 ya NCO bado ipo na asilimia 63 imetumika.

Hesabu ni nyepesi. Kigumu ni neno "mwanzoni". Tina nayo ina CH. Ukisoma dakika ya pili baada ya kupulizia, sehemu kubwa ya CH unayoiona ni ya tina, na kadiri inavyopaa, CH inapungua na uwiano unapanda. Mara ya kwanza nilipata jibu kwamba NCO imeongezeka, jambo lisilowezekana, na nilipoteza jioni mbili nikiilaumu mashine. Siku hizi nasoma kila dakika tano na kuangalia uwiano. Ukiwa unapanda, tina bado inaondoka. Ukifika kileleni na kuanza kushuka, nauchukua ule wa juu kabisa kuwa mwanzo, na naandika daftarini kwamba nimefanya hivyo, kwa sababu kemia ilikuwa imeshaanza kabla ya hapo na asilimia yangu itakuwa ndogo kidogo kuliko ukweli. Rangi yenye kichocheo kikali cha bati ndiyo inayodanganya zaidi hapa.

NCO imekwenda wapi

Rudi kwenye spektra ile ile. Kama NCO imeshika poliyoli, utaona kilele cha NH ya urethani kikikua karibu na 1,530, NH nyingine karibu na 3,340, na OH ya karibu na 3,500 ikipungua. Kilele cha urethani cha 1,730 usikihesabu kwenye rangi zenye poliyoli ya akriliki, kwa sababu esta ya akriliki imekaa hapo hapo tangu mwanzo na itakufunika macho.

Kama NCO imeliwa na maji, bega linaota karibu na 1,640, na OH inabaki pale pale kwa sababu hakuna aliyeishika. Ili bega hilo lionekane vizuri, toa spektra ya siku ya kwanza kutoka ya siku ya tatu, baada ya kuzilinganisha kwa CH. Kinachobaki juu ya mstari kimezaliwa, kinachobaki chini kimeliwa. Ninaipenda picha hiyo kuliko namba yoyote. Inaniambia kisa cha kile kipande toka kilipotoka kwenye bunduki.

Klia mbili laini

Ile Land Cruiser ya Juni tuliipima kwa kumenya kipande kidogo cha klia chini ya boneti, ilipokuwa imejirundika na kushika kwenye mpira. Kilele cha 2,270 kilikuwa bado kirefu, uso wa chini zaidi kuliko wa juu. Kwenye 1,640 hapakuwa na kitu cha kusema. OH bado ilikuwepo, NCO bado ilikuwepo, zote mbili ndani ya utando mmoja na hazijashikana. Kipimajoto cha gereji asubuhi ile kilisoma nyuzi 14. Hiyo ni baridi peke yake. Wavu ukianza kusukika kwenye baridi, utando unakuwa mgumu kiasi cha kuzuia molekuli zisitembee, na kemia inasimama njiani. Namba zako zitaonyesha NCO haishuki tena na utashawishika kuandika kwamba imemaliza. Usiandike kabla ya kufanya jaribio hili: chukua kipande kingine, kiweke ovenini nyuzi 60 kwa saa moja, kipoe, kisome. NCO ikishuka tena, ilikuwa imesimama tu. Cha kwetu kilishuka sana. Nilimpigia kaka usiku ule ule nikamwambia asiikwangue. Waliizungushia boneti taa za joto, na baada ya siku mbili mshipi ule ule ulifungwa na haukuacha alama. Alama za mwanzo za mshipi zilibidi zisuguliwe na kung'arishwa, lakini klia ilipona.

Aprili iliyofuata aliniletea vipande vya gari jingine. Klia laini tena, na safari hii ina vijitundu vidogo sana, kama chapati inayotaka kugeuzwa. Alikuwa ameshawasha taa siku nzima na haikusaidia. Niliposoma uso wa juu, 2,270 ilikuwa karibu imekwisha. Mtu anayeangalia kilele hicho peke yake angesema rangi imeiva kuliko zote nilizowahi kupima. Lakini 1,640 ilikuwa imevimba, OH ya 3,500 imesimama kama siku ya kwanza, na vile vijitundu vilikuwa vya kaboni dioksaidi iliyokosa pa kutokea. NCO ilikuwa imeliwa na maji, poliyoli imebaki bila wa kumshika, na taa haziwezi kurudisha kilicholiwa.

"Kaka, hii hata ukiichoma haitaiva. Ikwangue."

Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza maji yametoka wapi, na hilo ndilo swali nililokuwa nalingojea. Hadina tulishaipima, ilikuwa safi. Uso wa chini ulikuwa mbaya sawasawa na wa juu, kwa hiyo unyevu haukuingia kutoka hewani baada ya kupuliziwa. Uliingia pamoja na rangi. Jumamosi nilikwenda gereji. Tulifungua koki iliyo chini ya tangi la kompresa, na yalitoka maji ya kujaza jagi, yenye kutu na mafuta. Hewa ya masika inabanwa, inapoa, inaacha maji yake ndani ya tangi, na tangi likijaa yanapita kwenye mpira mpaka kwenye bunduki. Koki hiyo sasa inafunguliwa kila asubuhi kabla ya gari la kwanza, na wameweka chujio la maji karibu na bunduki.

Gari lile likakwanguliwa na kupigwa upya. Kipande chake cha siku ya tano bado ninacho kwenye kopo la bati la biskuti pamoja na punje za silika: NCO imebaki kidogo, 1,530 imekua, 1,640 tupu, uso wa juu na wa chini karibu sawa. Kidogo kinachobaki hakinisumbui. Kwenye joto la kawaida mara nyingi hakiishi chote kwa poliyoli, na unyevu wa hewa utakimaliza polepole wiki zijazo bila kuudhuru wavu ulioshikana.

Ukianza kazi hii, weka kopo kama hilo. Kila kipande ulichokipima, chema na kibovu, kitunze na spektra yake yenye jina la saa na siku. Kipande cha klia iliyoiva vizuri cha aina ile ile ndicho utakachokipima tena pale utakapoletewa kingine usichokielewa, mashine ile ile, asubuhi ile ile, kimoja baada ya kingine.